Joto Halina Wizara

Hapo zamani za juzijuzi palikuwa na nchi moja yenye kompyuta moja, na mimi bibi yenu ndiye niliyeifumia kompyuta hiyo nguo.

Msiitafute nchi hiyo kwenye ramani. Mimi niliishia darasa la saba, na kwenye ramani ya shule yetu nchi hiyo iliangukia pale pale mwalimu alipopigilia msumari wa kuitundikia. Lakini ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi mpaka wazee huuimba kwa zamu, ina mawaziri kila mmoja na kiti chake, na watu wake ni wapole, wenye adabu, wapenzi wa kufunika vitu.

Hili la kufunika lishikeni. Kwetu redio ina kitambaa chake cha kufuma. Televisheni ina chake, chenye pindo linaloning'inia mpaka kwenye macho ya msoma habari. Jokofu lina viwili, kimoja kichwani na kimoja kwenye mkono wa mlango. Makochi msiniulize. Jirani yangu Bi Kidawa ana jogoo wa udongo sebuleni, na huyo jogoo ana kitambaa. Kitu kisichofunikwa ni kitu kisicho na mwenyewe. Mgeni akiingia nyumbani kwako akakuta redio iko uchi, huinamisha macho, akauliza taratibu kama kuna msiba.

Basi kompyuta ikaingia mjini kwa tarumbeta. Iliitwa Mashine Kuu. Ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, rangi ya majivu, na taa ndogondogo zinazokonyeza kama binti asiye na mlezi. Serikali ikatangaza kwamba makarani wasiandike tena kwa mkono. Kuzaliwa, kufa, kuhama, kuoa, vyote vipitie kwenye Mashine Kuu, pale Jumba la Kumbukumbu. Hasa kuoa. Ikatungwa sheria kwamba hakuna atakayefunga ndoa bila Cheti cha Upweke, kinachothibitisha kwamba mwombaji hana mtu. Mwanamume mwenye mke anayetaka kuongeza, huyo alipewa Cheti cha Upweke wa Kiasi.

Karani wa Jumba, Bwana Faki, mtu mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata, akanijia nyumbani mbio.

"Shikamoo, Bibi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Bibi, mashine imefika na iko uchi! Kesho Mtukufu Mlezi wa Taifa anakuja kuizindua. Tutaziweka wapi nyuso zetu?"

Nikawakusanya wenzangu wa Kikundi cha Tupendane, tukafuma. Uzi mweupe, maua ya asumini mbele, tausi wawili ubavuni, pindo la shanga. Mmoja wetu akasema tukifunika mbele panatosha. Nikamwambia, "We shoga, bibi harusi huvishwa nusu?" Nyuma ya mashine kulikuwa na vitundu vingi vibaya, kama chujio la chai, vikipumua pumzi ya moto. Hivyo ndivyo nilivyovifunika kwanza, tena mara mbili, maana msengenyaji huanzia mgongoni.

Mtukufu akaja. Akakata utepe, akakisifu kitambaa, akawasifu tausi, akaondoka. Mashine hakuiona. Ilikuwa imefunikwa.

*

Sasa nawaletea mjukuu wangu Salha, ambaye bila yeye nisingekuwa na haja ya kuwasumbua.

Salha alikuwa mchumba wa Makame, fundi baiskeli, mtoto wa huyo huyo Bi Kidawa mwenye jogoo wa udongo. Kilichobaki kilikuwa vyeti tu. Na Mashine Kuu ilikuwa na tabia yake: iliita watu kwa kufuata alfabeti. Siku ya kwanza ikaanza na kina Abdu, ikaja kina Bakari, ikateremka vizuri kama maji ya mfereji. Makame akaitwa, akapewa cheti, akakibusu. Tukangoja. Ikaingia herufi ya Salha. Ikaandika S, ikaandika a, ikaandika l, ikazima.

"Imelala," akasema Bwana Faki.

"Itaamka lini, kaka?" akauliza Salha.

"Dada yangu, mimi karani tu. Njoo kesho."

Kesho yake ikaamka. Lakini mashine ikiamka haikumbuki ilipoishia. Ilianza tena kwa Abdu. Ikawa kila siku inaamka, inawapa vyeti kina Abdu, inakwenda mwendo wake, inafika karibu na Salha, inalala. Kina Abdu wa mji ule wakawa na vyeti vya upweke vya kutosha kupamba ukuta. Salha, ambaye ndiye mpweke wa kweli, hana hata kimoja.

Hina yake ikafifia, tukampaka nyingine. Ikafifia tena. Mbuzi wa harusi naye, kwa kukaa sana, akawa anaitika akiitwa jina.

*

Nchi yetu ilikuwa na Wizara ya Mashine. Mashine ilipoanza kulala ovyo, Mtukufu akaigawa wizara sehemu mbili, ili lawama ipate mahali pa kwenda na mahali pa kurudi. Ikawa Wizara ya Vyuma, kwa kila kinachoshikika katika kompyuta, na Wizara ya Programu, kwa kila kisichoshikika.

Nikamuuliza Bwana Faki, "Mwanangu, tofauti yake nini hasa?"

Akafikiri. Alikuwa anatafuna andazi. "Bibi, chuma ni sufuria. Programu ni mapishi yenyewe."

"Na ubwabwa ukiungua?"

"Hapo ndipo wanapogombana, Bibi. Mmoja anasema sufuria, mwingine anasema mpishi."

Nikaona ni swali la maana, nikaondoka nalo kichwani.

Waziri wa Vyuma, Mheshimiwa Mtandi, mtu wa kitambi na sauti ya ngoma ya chapuo, akazungumza redioni. "Ndugu wananchi! Chuma hakisemi uongo! Mimi mwenyewe nimekigonga kwa kidole hiki, kikalia kama chuma! Kama yupo mkosaji, ni huyo asiyeonekana. Nami nawauliza: mtu mwema anajificha kwa nini?"

Tukapiga makofi majumbani mwetu.

Jioni ile akazungumza Waziri wa Programu, Mheshimiwa Daktari Pepeta, mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kupigia picha. "Wananchi wapendwa, programu ni fikra. Fikra haishiki kutu, haivuji, hailiwi na mchwa. Nawahakikishia kwamba programu yetu ni safi kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuiona."

Tukapiga makofi tena. Sisi ni watu wa adabu.

Kwanza wakakubaliana kujaribu kwa upande wa chuma. Mashine ikafunguliwa, vyuma vyote vikatolewa, vikatiwa vipya vinavyong'aa. Baada ya hapo tukaitwa sisi Tupendane, kwa kuwa mgonjwa akitoka hospitali hufunikwa vizuri asipigwe na upepo. Tukaifumia kitambaa cha pili, kizito kuliko cha kwanza, tukakiweka juu yake. Ikaamka. Kina Abdu wakapata vyeti. Safari hii ikalala kwenye N.

"Nilisema!" akapiga kelele Mheshimiwa Mtandi. "Vyuma vipya na bado inalala! Ni programu!"

Basi programu ikabadilishwa. Mpya ikaletwa ndani ya bahasha, ikitanguliwa na pikipiki mbili za polisi. Nasi tukaitwa. Tukaongeza kitambaa cha tatu, cha uzi wa sufu, chenye bitana ya mahameli nyekundu, maana ugonjwa ulionekana kuzidi. Ikalala kwenye J.

"Si nilisema?" akasema Daktari Pepeta, akibadilisha miwani. "Programu mpya na bado inalala. Ni chuma."

Msidhani kwamba hakuna aliyefaidika. Paka wa Jumba la Kumbukumbu, aliyeitwa Bahasha, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kujali kazi za serikali, alihamia juu ya mahameli na hakushuka tena. Bwana Faki naye akawa anayaweka maandazi yake pembeni ya paka, asubuhi yamepoa, saa nne yana moto.

"Mashine hii," aliniambia, "maradhi inayo, lakini ukarimu pia inao."

*

Ramadhani ikawa inakaribia, na kwetu Ramadhani hatuozeshi. Tena kulikuwa na jambo baya zaidi. Vyeti vyote vilikufa mwezi ukiandama, kwa kuwa, walisema wataalamu, upweke hauhifadhiki. Cheti cha Makame kilikuwa na siku za kuhesabu kwa vidole, na yeye hakuwa kina Abdu wa kupewa kila siku: mashine ilikuwa haifiki tena M.

Bi Kidawa akanijia na sahani ya visheti. Nikiona visheti vya Bi Kidawa moyo hunipasuka, kwa sababu habari njema huja nazo mikono mitupu.

"Mwenzangu Mize," akasema, "Salha ni lulu. Mimi nimemlea kama mwanangu."

"Najua, mwenzangu."

"Lakini cheti cha Makame kinachacha. Na kule kwa dada yangu kuna mtoto, Abla. Mtoto mzuri, mtulivu. Cheti anacho." Akasita, akachukua kisheti chake mwenyewe. "Anavyo sita."

"Makame anasemaje?"

"Makame analia gereji. Anajaza upepo baiskeli ambazo hazijapungua upepo. Lakini mimi ni mama, Mize. Nikingoja herufi ya S nitakufa sijaona mjukuu."

Salha alikuwa nyuma ya pazia. Sikumwona, lakini niliona vidole vyake vikilishika lile pazia, na hina kwenye kucha ilikuwa imebaki kama rangi ya chai ya pili. Nikaifunika sahani ya visheti kwa kitambaa.

*

Serikali ikaunda Tume ya Kumtafuta Mkosaji. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mstaafu Mwinyikheri, aliyechaguliwa kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kumaliza kesi hata moja, kwa hiyo hakuwahi kukosea. Tume ikakaa Jumba la Kumbukumbu, mchana, mbele ya umma. Mashine Kuu ikasimamishwa kizimbani ikiwa na vitambaa vyake vitatu, na juu yake mshipi wa rangi za taifa. Mimi nikaitwa kama Mtunza Mavazi. Nikaja na kikapu changu, sindano ya kroshia, na mabunda ya uzi, na wenzangu wa Tupendane nyuma yangu. Salha akasimama mlangoni. Bi Kidawa naye alikuja, na pembeni yake alikaa binti mtulivu ambaye sikuhitaji kuulizia jina lake.

Jaji akaiuliza mashine, "Mtuhumiwa, kosa ni la chuma chako au la programu yako?"

Bwana Faki akaiwasha. Mashine ikafikiri, ikaandika: *Abdu*.

Ukumbi ukavuma. Karani wa Tume akaandika kwamba mtuhumiwa amemtaja mshirika wake. Ikabidi kina Abdu wote waliokuwapo wahamishiwe benchi la pembeni, nao wakaenda kwa adabu, wameshika vyeti vyao. Mashine ikaendelea kidogo, ikafika D, ikalala.

Hapo mawaziri wakasimama wote wawili.

"Imekiri!" akanguruma Mheshimiwa Mtandi. "Imeona aibu ya programu yake!"

"Imechoka kubeba vyuma vibovu," akasema Daktari Pepeta.

"Vibovu? Rudia neno hilo!"

"Vi-bo-vu."

Mheshimiwa Mtandi akarusha mkono, akalipiga buli la kahawa la Jaji. Kahawa yote ikamwagika juu ya mashine. Bahasha akaruka kwa mara ya kwanza tangu Mfungo Sita. Mahameli yangu nyekundu, sufu yangu, tausi wangu wawili, vyote vikalowa, vikageuka rangi ya tope.

Sikungoja ruhusa. Kahawa ikikauka kwenye kitambaa cheupe haitoki. Nikavivua vyote vitatu hapo hapo.

Watu wakashika vinywa. Jaji akageuza uso ukutani. Daktari Pepeta akavua miwani yake yote miwili kwa heshima. Mimi nikaiwekea mkono mashine ili nione kama kahawa imeingia ndani, nikauondoa upesi, kwani ilikuwa na moto kama bati la saa saba mchana. Nikaenda uani, nikaviloweka vitambaa kwenye beseni, nikavisugua kwa sabuni na ndimu, taratibu, tausi mmoja mmoja. Niliporudi mawaziri walikuwa bado wanarushiana maneno, na Bwana Faki alikuwa ameiwasha tena mashine kwa mazoea tu.

Nikaigusa. Baridi, kama mtungi. Na vile vitundu vya nyuma vilikuwa vinapuliza upepo kwa raha, mpaka ushungi wangu ukatikisika.

Ndipo likanirudia lile swali la ubwabwa. Miaka yote niliyopika, ubwabwa wangu ukiungua simlaumu mtengeneza sufuria, wala siyalaumu mapishi ya mama yangu. Ni moto mwingi na kifuniko kilichokazwa. Na kifuniko cha mashine hii nilikikaza mimi, kwa mikono yangu, nikatia na shanga. Masikini, kumbe tulikuwa tunaizimisha kwa heshima.

Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Jaji, mwanangu. Naomba kusema. Mimi naona ni joto."

Jaji akawageukia mawaziri.

"Mheshimiwa Mtandi, joto ni chuma?"

"Joto halishikiki, Mheshimiwa. Si langu."

"Daktari Pepeta, joto ni programu?"

"Joto halina fikra, Mheshimiwa. Si langu pia."

"Basi joto liko wizara gani?"

Wakatazama makaratasi yao. Kwa mara ya kwanza wakajibu kwa sauti moja: "Joto halina wizara."

Jaji akanitabasamia kwa upole. "Unaona, Bi Mkubwa? Kitu kisicho na wizara hakiwezi kuwa na kosa. Kaa, mama yangu. Tena naona una uzi kwenye kikapu. Tume inaamuru mashine ifumiwe kitambaa kipya sasa hivi, kizito kuliko vyote, kwa hadhi ya Tume. Ikishavishwa tutaendelea."

"Naunga mkono," akasema Mheshimiwa Mtandi.

"Naunga mkono zaidi," akasema Daktari Pepeta.

Nikatazama mashine. Ilikuwa imeshaandika kina Fatuma, inaanza kina Hamisi. Wenzangu kumi wa Tupendane walikuwa tayari na sindano, na tukishikana sisi, kitambaa hakichukui muda. Nikamtazama Salha mlangoni. Nikamtazama Bi Kidawa. Nikachomoa sindano yangu, nikailowesha kwa ulimi, nikasema:

"Amri imepokewa, wanangu. Nawauliza kimoja tu, nisije nikakosea. Rangi gani?"

"Kijivu," akasema Mheshimiwa Mtandi. "Rangi ya chuma."

"Samahani," akasema Daktari Pepeta. "Kijivu kitamaanisha nini kwa umma? Kwamba mashine ni ya wizara yako?"

"Kwani wewe unataka rangi gani?"

"Rangi isiyoonekana."

"Bi Mkubwa, una uzi usioonekana?"

"Ninao mweupe," nikasema, "lakini ukiamriwa nitautafuta huo mwingine."

Mheshimiwa Mtandi akapiga meza. Daktari Pepeta akavaa miwani ya picha. Jaji akasema suala la rangi ni zito na kila upande upewe nafasi ya kutosha. Mmoja akataka buluu, mwingine akakumbusha kwamba buluu ilitumika kwenye kampeni. Mmoja akataka mistari, wakagombania nani awe mstari wa juu. Nasi wanawake tukakaa na sindano zetu hewani, wapole, tunangoja.

Mashine ikapita J, ambapo ililala siku ya programu mpya. Ikapita K. Ikafika M, ikampa Makame cheti kingine. Ikaja N, ikapita. Watu wa nyuma wakaanza kusimama, mmoja mmoja, bila kelele. Rahma. Rajabu. Sabra. Safia.

Bwana Faki akaniinamia sikioni. Alikuwa anatoka jasho. "Bibi, mashine iko macho, lakini haijavaa. Sheria inasemaje?"

"Sheria inasema ivae rangi gani, mwanangu?"

Akasikiliza. "Wako kwenye zambarau."

"Basi wewe gonga mihuri yako."

Salama. Salehe. Kisha ikaandika S, ikaandika a, ikaandika l. Nikasogea hatua moja karibu nayo. Ikaandika h, ikaandika a.

Bwana Faki akagonga muhuri mpaka meza ikaruka.

Salha hakupiga vigelegele. Aliyepiga ni Bi Kidawa, tena kwa nguvu, mpaka Jaji akadhani wamekubaliana rangi. Mashine haikusimama hapo. Ilikwenda mpaka mwisho wa alfabeti, ambako hakuna aliyewahi kufika, ikamwita Zuwena, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anashinda kwenye benchi la kungojea tangu siku ya tarumbeta akainuka na kusema, "Mimi! Ni mimi! Jamani, kamwiteni mchumba wangu Zubeiri kabla hajazeeka zaidi!"

*

Tukawaozesha kabla mwezi haujaandama. Mbuzi ilishindikana kumchinja, akakaa mstari wa mbele na mshipi shingoni. Tulikula kuku. Abla alikuja, na sasa ni mwenye furaha, kwani Makame ana rafiki, fundi taa, na huyo rafiki jina lake ni Abdu. Vyeti hawakuhitaji kuomba.

Tume ilitoa taarifa yake. Ilisema kwamba mashine ilipona kwa kuiogopa Tume. Mheshimiwa Mtandi akapewa nishani kwa kuthibitisha kwamba kosa halikuwa la chuma, na Daktari Pepeta akapewa nishani kwa kuthibitisha kwamba halikuwa la programu. Kina Abdu wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Bwana Faki anakula maandazi ya baridi, analalamika kidogo, lakini kazi inakwenda. Paka Bahasha amehamia juu ya redio ya mlinzi.

Na kuhusu rangi, mkae mkijua kwamba serikali haikulitupa jambo lile. Imeundwa Kamati ya Rangi, nayo inakutana katika ukumbi mzuri wenye makochi yaliyofunikwa. Wakati mwingine hutuma mjumbe hodi kwangu, kijana wa suti, anakaa, anakunywa chai, ananiuliza kwa heshima kama sindano iko tayari.

"Iko tayari, mwanangu," namjibu. "Waambie waheshimiwa wasiharakishe. Nangoja rangi tu."